Simu mpya ya mapokezi: vitufe vinapiga, lakini taa haziwaki

Swali: "Niko mapokezi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, Kurasini, Dar es Salaam. Tuko watu kumi na wanane. Miaka yote tulikuwa na simu za zamani zenye vitufe pembeni: laini nne za TTCL, kila moja na taa yake, na chini yake majina ya wakubwa. Nilikuwa namwambia bosi 'chukua laini ya pili', anabonyeza, anaongea. Miezi miwili iliyopita tulifungiwa simu mpya za intaneti. Fundi aliniwekea majina kwenye vitufe kumi. Nikibonyeza inapiga vizuri, lakini ni viwili tu vinavyowaka taa, na umeme ukikatika ukarudi vinabaki vyekundu hata kama mtu hayuko kwenye simu. Simu ya bosi ikiita naye katoka, nikibonyeza kitufe chake naambiwa inatumika. Nikimsubirisha mteja, bosi hawezi kumchukua mezani kwake. Niliwahi kubadilisha kitufe kimoja mwenyewe, baada ya siku mbili kikarudi kama kilivyokuwa. Fundi anasema tununue kile kipande cha vitufe cha kuongeza pembeni. Ndiyo dawa? Bosi ameanza kuamini mimi ndiye sijui kuitumia."

Jibu: Pole sana dada yangu. Nianze na hilo la mwisho, maana najua linakuuma kuliko yote: tatizo si wewe. Uliyoyaeleza ni matatizo matano tofauti yaliyokutana kwenye simu moja, na hakuna hata moja linalotokana na wewe kutojua kubonyeza. Mpe bosi asome jibu hili ukipenda. Na kile kipande cha kuongeza msikinunue kwanza. Kinaongeza idadi ya vitufe, basi. Vitufe kumi visivyowaka ukiviongezea ishirini vilivyopangwa vilevile, utakuwa na thelathini visivyowaka.

Tuanze na taa. Watu wengi hudhani kitufe chenye jina la mtu ni kitu kimoja, kwamba ukishaandika "Mhasibu" na namba yake 105, kitajua pia kama mhasibu anaongea. Sivyo. Kwenye simu hizi kila kitufe kina aina yake, na aina huchaguliwa siku ya kukipanga. Mbili ndizo zinazochanganywa kila siku. Ya kwanza, kwenye menyu huandikwa "Speed Dial", kazi yake ni kupiga namba iliyohifadhiwa. Haijui lolote kuhusu mwenye namba. Ya pili huandikwa BLF, na hii hupiga namba na pia hufuatilia hali ya mwenye namba. Kwa macho vitufe hivi viwili vinafanana kabisa, jina lilelile na nafasi ileile. Kwa maelezo yako, karibu nina hakika fundi alikuwekea vinane vya kupiga tu na viwili vya BLF. Labda alivijaribu viwili, akakatizwa, akamalizia kwa haraka.

Kinachofanyika ndani kukielewa kunasaidia. Simu yako ikiwashwa hujitambulisha kwanza kwenye mtambo, yaani ule mtambo mkuu wa simu za ofisi, kama mfanyakazi anayesaini kitabu getini. Halafu, kwa kila kitufe cha BLF, simu hutuma ombi: "Naomba unijulishe kila hali ya 105 inapobadilika." Mtambo ukikubali, hujibu palepale kwamba 105 iko huru, na tangu hapo hutuma taarifa kila ikianza kuita, ikipokelewa au ikikatwa. Simu yako huigeuza taarifa hiyo kuwa rangi. Kwenye simu nyingi za Yealink, kwa mfano, kijani ni huru, nyekundu inayopepesa ni kwamba inaita, na nyekundu iliyotulia ni kwamba mtu anaongea. Kwa hiyo taa haiunganishwi na simu ya mhasibu kwa waya wowote. Ni swali ambalo simu yako iliuliza na mtambo ukakubali kulijibu. Aina ya kitufe ikiwa ya kupiga tu, swali halikuulizwa kabisa.

Wakati mwingine swali huulizwa na mtambo ukakataa, kwa sababu ile ekstensheni, yaani namba ya ndani kama 105, haijaruhusiwa kufuatiliwa. Ndiyo maana kubadili aina ya kitufe kwenye simu pekee kuna siku hakutoshi, na fundi hulazimika kugusa na mtambo.

Sasa hizo taa mbili zinazobaki nyekundu baada ya umeme kurudi. Ombi la kufuatilia lina muda wake, mara nyingi nusu saa au saa moja, kisha simu hulihuisha. Umeme ukikatika, vifaa havifi pamoja wala haviamki pamoja. Mtambo ukizimika huku simu zikiendelea kuishi kwa sababu swichi yake, yaani kisanduku cha mtandao kinachozilisha umeme, iko kwenye UPS (ile betri ya akiba), simu yako hubaki na habari ya mwisho iliyopata. Kama habari hiyo ilikuwa "105 anaongea", itaendelea kuonyesha hivyo hadi ombi jipya likubaliwe, ingawa mhasibu ameshakwenda kula. Vyote vikizimika, simu huamka upesi, mtambo ukachelewa, na simu ikauliza maswali yake wakati hakuna wa kuyajibu. Nimeona ofisi moja mitaa ya Posta iliyobadilishiwa simu tatu kwa ugonjwa huu, ilhali dawa ilikuwa kuhamishia waya wa umeme wa mtambo kwenye UPS iliyokuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Kwa hiyo angalieni: mtambo, swichi ya mtandao inayozilisha simu umeme, na kile kifaa cha intaneti, vyote vitatu viwe kwenye UPS. Hadi hapo, umeme ukirudi subiri kama dakika tano mtambo uamke, kisha zima na uwashe simu yako wewe tu. Itauliza maswali upya na taa zitakaa sawa.

Simu ya bosi inayoita naye hayupo ni habari nyingine. Ukibonyeza kitufe chake wakati kinapepesa, unatarajia umpokelee. Lakini kitufe kisipoambiwa hivyo kitafanya kitu kimoja tu kinachokijua: kitampigia bosi. Wewe unampigia mtu ambaye tayari anapigiwa, ndiyo maana unaambiwa inatumika. Ili kuchukua simu inayoita meza nyingine, mtambo una alama yake maalumu. Kwenye mitambo ya FreePBX, ambayo mafundi wengi huifunga kwa sababu programu yake haiuzwi, kwa kawaida ni nyota mbili zikifuatwa na ekstensheni. Jaribu leo: simu ya bosi ikiita, nyanyua mkono wa simu yako, bonyeza nyota mbili kisha 101, kama ndiyo namba yake. Ukimpata mpigaji, umeshajua kwamba mtambo unaruhusu, na kilichobaki ni fundi kuiandika alama hiyo kwenye mpangilio wa kitufe, katika nafasi ya kuchukulia simu. Baada ya hapo kitufe kilekile kikiwa kijani kitampigia bosi, na kikipepesa kitampokelea. Usipompata, mwulize fundi alama ya mtambo wenu ni ipi, maana mitambo haifanani.

Kabla ya kuiweka, zungumza na bosi. Kwenye baadhi ya simu, kitufe cha aina hii kinaweza kuonyesha hata namba ya anayempigia. Kuna wakubwa wasiotaka mapokezi wajue wanaongea na nani, na ni haki yao. Bora aamue mwenyewe kuliko kugundua siku ya siku.

Sasa lile la "chukua laini ya pili". Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu ndilo linalowasumbua karibu wote waliotoka kwenye simu za zamani, na mafundi wengi hawalielezi.

Kwenye simu zenu za zamani laini ilikuwa kitu cha kushika. Kulikuwa na jozi nne za waya kutoka TTCL, zinaingia kwenye kisanduku ukutani, na kila simu ofisini ilikuwa na kitufe kwa kila jozi. Laini ya pili kwako ndiyo laini ya pili kwa bosi, kwa mhasibu na kwa stoo. Ulipomsubirisha mteja, alikuwa anasubiri kwenye waya, na waya ulikuwa wa wote. Mtu yeyote angebonyeza kitufe chenye taa inayopepesa, akampata.

Kwenye mfumo mpya nyaya hizo hazipo. Kuna njia moja ya intaneti inayobeba mazungumzo kadhaa kwa pamoja, na kila simu inayoingia mtambo huipeleka kwenye simu fulani ya mezani. Ikishapokelewa kwako, ni yako. "Laini 2" inayoandikwa kwenye kioo chako ni nafasi ya pili kwenye simu yako wewe, yaani mazungumzo yako ya pili. Bosi naye ana laini 2 yake, na hazijuani. Ukimsubirisha mteja, anasubiri ndani ya simu yako, mfano wa mgeni uliyemfungia chumbani kwako ukaondoka na ufunguo. Bosi hawezi kumfikia hata akibonyeza vitufe vyote alivyonavyo. Wewe hukukosea, na fundi hakuharibu kitu. Ila alipaswa kukwambia kwamba tabia ile ya zamani sasa inafanywa kwa njia nyingine.

Njia hiyo ni kupaki simu. Badala ya kumwacha mteja ndani ya simu yako, unamkabidhi kwa mtambo wenyewe, unaomweka kwenye nafasi yenye namba. Mitambo inayotumia Asterisk, programu ya bure ya kuendesha mitambo ya simu, mara nyingi huanzia 701, kisha 702, 703 na kuendelea. Ukishampaki, mtu yeyote ofisini akipiga 701 anampata. Sasa fikiria simu zote za ofisi zikipewa vitufe vitatu vya BLF kwa nafasi hizo, na kwenye kioo viandikwe "Laini 1", "Laini 2", "Laini 3". Unampaki mteja kwenye ya pili, taa ya pili inawaka nyekundu kwenu wote, unamwambia bosi "chukua laini ya pili", anabonyeza, anaongea. Maneno yenu ya miaka yote yanarudi. Nimeshawawekea watu hivi Chang'ombe na Mikocheni, na sijawahi kuitwa tena kwa tatizo hilo.

Chunga jambo moja. Simu iliyopakiwa haikai milele. Kwenye Asterisk isipochukuliwa ndani ya sekunde 45, kama muda haujabadilishwa, hurudi kukuitia wewe uliyeipaki. Hilo ni jema, mteja hasahauliki, lakini mapokezi hushtuka wakidhani ni simu mpya na kuanza upya na "habari za asubuhi, nikusaidie nini?" Mwombe fundi aufanye muda uwe dakika moja na nusu hivi, na simu inaporudi ije na neno "paki" mbele ya namba ili uijue.

Kuna mitambo inayoweza kuigiza zile laini za pamoja za zamani, kitufe cha laini kikawaka kwenye simu zote. Ofisi ya watu watatu au wanne inaweza kufurahia. Kwa watu kumi na wanane siwashauri. Ina masharti mengi, si kila simu inaikubali, na ikiharibika wengi hawaijui kuitengeneza. Ila ulizeni mnaruhusiwa kuongea na nje simu ngapi kwa wakati mmoja. Zamani mlikuwa na nne kwa sababu ya waya nne. Kama mkataba mpya ni wa mbili, mteja wa tatu atasikia inatumika na hakuna kitufe kitakachomwokoa.

Kitufe ulichobadilisha kikarudi chenyewe pia kina maelezo. Kwenye simu zenu za zamani mpangilio wa vitufe ulikaa kwenye mtambo. Simu hizi mpya huweka mpangilio ndani yao, lakini mara nyingi fundi huandaa faili moja kwenye mtambo ambalo kila simu hulisoma inapowashwa. Ulichobadilisha kwa mkono wako hufutwa na faili hilo simu inapowaka tena, na kwa umeme wetu hiyo inaweza kuwa kesho. Kwa hiyo mabadiliko ya kudumu yafanywe kwenye faili. Usihangaike tena na simu yenyewe.

Kuhusu kipande cha pembeni, niseme wazi: kinaweza kuwafaa baadaye. Simu nyingi zina vitufe vichache vya kushika na kurasa mbili tatu za kufungua, na taa iliyoko ukurasa wa pili huioni ukiwa ukurasa wa kwanza. Mtu wa mapokezi anayefuatilia watu ishirini anahitaji kuwaona wote kwa jicho moja. Lakini si kila simu ina mahali pa kukichomeka, na zile za bei ya chini mara nyingi hazina, kwa hiyo msilipe kabla fundi hajakuonyesha tundu lake nyuma ya simu yako. Njia nyingine ni programu ya swichibodi kwenye kompyuta, inayoonyesha ofisi nzima kwenye skrini. Ni nzuri kama kompyuta yako iko mbele yako muda wote na ina UPS. Kama unainuka kila mara kwenda kupiga mihuri na kupokea bahasha, baki na vitufe.

Na huenda kumi vikatosha vikipangwa vizuri. Chukua karatasi, kwa siku mbili kila unapomuunganisha mtu weka kijistari mbele ya jina la aliyepelekewa. Niliwahi kukaa nyuma ya dawati la mapokezi la ofisi moja asubuhi nzima nikifanya hivyo. Vitufe vya juu vilikuwa na majina ya wakurugenzi kwa vyeo vyao, na wapigaji karibu wote walikuwa wanamtafuta kijana wa nyaraka, ambaye hakuwa na kitufe. Dada wa pale alikuwa akibonyeza tarakimu zake tatu kutwa nzima. Kwako ningeanza na vitufe vitatu vya kupaki, kisha wale wanne au watano karatasi itakaowataja, wote wakiwa BLF. Dereva na mtu wenu wa bandarini wanaotumia simu za mkononi wakae kwenye vitufe vya kupiga tu, kwa sababu mtambo wenu hauwezi kujua hali ya simu ya mkononi. Kama huwa mnabonyeza 9 ili kupiga simu za nje ya ofisi, hiyo 9 iandikwe mbele ya 07 au 06 ndani ya kitufe, vinginevyo haitaenda.

Kitufe cha usisumbuliwe, kile cha DND, mwambie fundi akiondoe kabisa kwenye simu yako. Kinaguswa na jalada la karatasi, kinaguswa na kiwiko, na simu ya mapokezi inanyamaza bila mtu kujua hadi mteja anakuja mwenyewe kulalamika. Namba za dharura, 112 na 114 ya Zimamoto, sizipendi kwenye vitufe kwa sababu hiyohiyo ya kiwiko. Muhimu fundi akuthibitishie kwamba zinatoka hata usipotanguliza 9, na uzibandike ukutani.

Kingine cha kumwomba ni kinachotokea ukibonyeza kitufe ukiwa katikati ya maongezi na mteja. Simu inaweza kupangwa imtupe mteja moja kwa moja kwa bosi, au imsubirishe kwanza ili uzungumze na bosi, umwambie nani anamtafuta, ndipo umuunganishe. Kwa ofisi yenu chagua hii ya pili.

Haya yote ni ya fundi kufika ofisini, na yakienda vizuri ni kazi ya nusu siku isiyohitaji kifaa kipya. Asiwaambie mfungue mtambo kwenye intaneti ili aurekebishe akiwa kwake bila ulinzi wowote. Wezi wa simu hutafuta mitambo iliyo wazi usiku na mchana, wakiingia hupiga namba za nje ya nchi hadi asubuhi na bili inakuja kwenu. Kama nywila ya mtambo bado ni ile iliyotoka nayo kiwandani, aibadilishe siku hiyohiyo, na nakala iliyoandikwa abaki nayo bosi kwenye bahasha, maana mtambo ni mali yenu.

Akishamaliza, asiondoke kabla hamjajaribu mkiwa watatu: wewe, bosi na fundi mwenye simu ya mkononi mlangoni. Apige, upokee, umpaki laini ya pili, bosi amchukue. Apige tena moja kwa moja kwa bosi, wewe umpokelee kwa kitufe kinachopepesa. Kisha azime mtambo kwenye soketi, auwashe, msubiri dakika tano, muone taa zinasema nini.